Mama Amepona, Lakini Maziwa Hayatoki

Mzazi anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, kila aliye karibu naye huwa na ombi moja tu: damu ikatike. Ikikatika, jamaa hushusha pumzi, hongera hutolewa, na mama hurudi nyumbani na mwanawe. Ni wachache wanaojua kwamba damu ile iliyopotea yaweza kuwa imeacha madhara mahali ambapo macho hayafiki, yaani ndani ya kichwa cha mama huyo.

Ndugu msomaji, chini ya ubongo, katika kishimo kidogo cha mfupa nyuma ya pua, pana tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere, lakini ndiyo nyapara wa tezi nyingine za mwili. Huyaamuru matiti yatoe maziwa na mayai ya uzazi yapevuke. Huiamuru tezi ya shingoni ichochee joto la mwili, na tezi zilizo juu ya figo zitoe kotisoli, homoni itupayo nguvu ya kustahimili maradhi.

Wakati wa ujauzito tezi hii hukua na kuhitaji damu zaidi. Mama akipoteza damu nyingi hata msukumo wa damu ukashuka mno, tezi hukosa hewa na chakula, na sehemu yake ya mbele huweza kufa. Daktari Harold Sheehan, aliyefanya kazi katika hospitali ya wazazi mjini Glasgow, Uskochi, alieleza jambo hilo kwa kirefu mwaka 1937, baada ya kuchunguza miili ya wazazi waliofariki. Ugonjwa huo huitwa kwa jina lake hadi leo.

DALILI ZAKE

Mara nyingi dalili ya kwanza ni maziwa. Mtoto hunyonya na kulia, lakini titi halijai. Miezi hupita na hedhi hairudi. Nywele za kwapani zilizonyolewa hazioti tena. Mama huona baridi wakati wenzake wanatafuta kivuli, huchoka bila kazi, husikia kizunguzungu ainukapo, na hamu ya tendo la ndoa humpotea.

Si kila mama mwenye maziwa machache ana ugonjwa huu. Sababu za upungufu wa maziwa ni nyingi. Wala si kila mgonjwa huwa na dalili zote. Wengine huzidiwa polepole, na hugunduliwa baada ya miaka mingi.

Katika miaka hiyo mgonjwa hubeba lawama. Mawifi humwita mvivu. Majirani hunong'ona kwamba amerogwa. Mume hudhani kuwa hapendwi tena. Kama ni mfanyakazi, likizo yake ya uzazi ya siku 84 humalizika naye hajapata nguvu, na kazini huonekana mzembe. Kumbe mwenzetu ni mgonjwa, na ugonjwa wake una dawa.

HATARI NA DAWA

Mwili usio na kotisoli ya kutosha huweza kuonekana mzima siku za kawaida. Malaria, kutapika au upasuaji ukija, msukumo wa damu na sukari huweza kushuka ghafla, mgonjwa akazirai na hata kufa.

Daktari akishuku ugonjwa huu hupima homoni katika damu, na penye uwezo hupiga picha ya kichwa. Tiba ni vidonge vya kurudisha kile ambacho mwili hauwezi tena kujitengenezea. Dawa ya kuziba pengo la kotisoli hutangulia, kisha ndipo ile ya tezi ya shingoni. Kugeuza mpango huo ni hatari. Kwa kawaida dawa hutumiwa maisha yote. Mgonjwa asiziache ghafla, na aulize mapema jinsi ya kuongeza kipimo siku za homa. Anayetaka mtoto mwingine amwone bingwa, kwani baadhi yao hufanikiwa kuzaa tena.

KINGA

Kinga iko katika kuzuia damu isipotee. Mama ajifungulie mahali penye mkunga na dawa. Sindano ya oksitosini, ichomwayo mara tu mtoto azaliwapo, husaidia mfuko wa uzazi kujikaza. Damu inayofika nusu lita baada ya kujifungua kwa kawaida tayari ni nyingi, hivyo jamaa wasingoje kuona kama itakatika yenyewe. Baba aandae nauli na usafiri mapema. Nasi viwandani na maofisini tujitokeze kuchangia damu, maana hakuna kiwanda kiwezacho kuitengeneza.

Na wewe mama uliyewahi kutokwa na damu nyingi, ukaona baadhi ya dalili tulizozitaja, nenda hospitali. Usiseme tu kwamba umechoka. Mweleze daktari jinsi ulivyojifungua, damu ilivyotoka, kama ulizirai au ulitiwa damu, na kama mtoto alipata maziwa. Hata ikiwa ni miaka kumi iliyopita, eleza. Mume au mama mkwe aliyekuwapo siku ile afuatane nawe, kwani huenda anakumbuka yale ambayo wewe, ukiwa umezirai, hukuyaona.