Kabla Hujalipia Gari la Spoti la Toleo la Kwanza

Barabara ya Nyakanazi kwenda Rusumo, inayopita Lusahunga na Nyakahura, ni ya malori. Usiku na mchana yanapanda na kushuka yakiwa na mafuta na makontena ya Rwanda, Burundi na Kongo, na mashimo yake yamewatesa madereva wa Biharamulo na Ngara kwa miaka mingi. Katikati ya malori hayo, na michomoko iliyojaza abiria hadi kwenye buti, siku hizi hutokeza pia Altezza, Mark X au Impreza iliyoshushwa, tumbo likigusa lami. Simlaumu kijana anayelitamani. Ni magari matamu, na ya mkononi bei yake si ile ya kutisha.

Shida huanza kwenye maneno ya dalali. La kwanza ni namba. "Hii ni namba D, mzee, bado mpya." Herufi ya namba inakueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Mark X iliyotengenezwa mwaka 2004 inaweza kabisa kuvaa namba D kwa sababu ilikaa Japani zaidi ya miaka kumi kabla ya kupanda meli. Ukitaka kujua umri wake, vuta mkanda wa kiti hadi mwisho usome kitambulisho kilichoshonwa kwenye shina lake. Mara nyingi tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda imo, na mkanda hautangulii gari kwa muda mrefu. Mikanda yote ikiwa na mwaka mmoja, isipokuwa ule wa dereva, uliza ajali ilitokea wapi.

Neno la pili la dalali ni "toleo la kwanza", nalo hulitamka kama sifa. Fundi mzoefu akilisikia hukunja uso. Gari jipya likitoka kiwandani, makosa ambayo majaribio hayakuyaona hugunduliwa na wanunuzi wa mwanzo, kisha kiwanda hurekebisha kimyakimya mwaka hadi mwaka. Altezza ilitoka Oktoba 1998, Mark X Novemba 2004, Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ zikaja mwaka 2012. Anayenunua gari la miezi ile ya mwanzo ananunua na makosa yake.

Hata hivyo naona hofu hiyo hutumika vibaya. Altezza ya 1998 iliyo hai leo imeshapita robo karne. Kama ilikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa, umeshaiua au umeshatibiwa. Kwa gari la umri huo unanunua tabia za waliolimiliki kabla yako: nani aliruka kubadilisha oili, nani aliliendesha rejeta ikiwa kavu, nani alikata springi ili likae chini.

Kwa 86 na BRZ za mwanzo mambo ni tofauti. Novemba 2018 Subaru ilitangaza kuyaita gereji magari yapatayo laki nne duniani, yakiwamo hayo mawili pamoja na baadhi ya Impreza, XV na Forester za miaka hiyohiyo. Springi za vali zilikuwa na uchafu ndani ya chuma chake, na springi ikikatika injini inaweza kuzima safarini. Kuzibadilisha kulihitaji injini ishushwe, si kazi ya asubuhi moja. Huko Marekani baadhi ya wamiliki walilalamika kwamba baada ya matengenezo hayo injini ziliharibika, wakadai mabaki ya gundi ya kuzibia yaliziba njia za oili. Kwa hiyo maswali kwa muuzaji ni mawili: ilifanyiwa? Na tangu ifanyiwe imetembea kilometa ngapi bila kelele?

Barua za wito kama huo hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa Japani. Gari likishauzwa nje, barua haivuki bahari kukufuata Rulenge. Unachoweza kufanya ni kuandika namba ya chesisi na kuitafuta kwenye tovuti ya Kijapani ya kiwanda, au kumtaka aliyeagiza gari aitafute mbele yako. Angalia pia pembeni ya mlango wa dereva: Japani hubandika stika ndogo hapo gari likishatengenezwa kwa wito.

Mark X ina hadithi yake. Injini yake ya lita 2.5 hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo petroli haioshi vali za kuingizia hewa, na masizi hujaa juu yake. Dalili ni injini kutetemeka gari likiwa limesimama, na mvuto kulegea. Masizi husafishika kwa fundi mwenye subira, lakini yakichanganyika na injini inayokula oili, achana nayo.

Kukagua kwenyewe kufanyike asubuhi, injini ikiwa baridi. Gusa boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema kuficha kitu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma ni maji kwenye silinda, na kwa Subaru hapo waza gasketi za hedi. Chomeka mashine ya kusoma makosa, na kama haionyeshi kosa lolote usifurahi upesi. Nyingi huonyesha pia kama kumbukumbu zilifutwa juzi. Halafu lishushe Rusumo na ulirudishe Benaco hadi Ngara mjini. Mlima ule hausemi uongo: mshale wa joto, gia zinazoruka na turbo iliyochoka vyote hujitokeza. Mwisho ingia chini uangalie sampo na shoki apu, maana ndizo zinazopokea mawe yetu.

Kadi nayo isomwe pamoja na chesisi, tarakimu kwa tarakimu, na malipo yasitoke kabla ya kuhakikisha TRA kwamba jina la muuzaji ndilo lililomo. Ngara ni mpakani, na gari lisilolipiwa ushuru likikamatwa, anayehangaika ni aliyekutwa nalo.

Kuna jambo la spea pia. Hapa huzipati dukani. Zinasubiriwa kwenye basi kutoka Kahama, Mwanza au Dar es Salaam. Ndiyo maana kati ya Altezza mbili ningechukua yenye injini ya 1G, ya silinda sita, kuliko ile kali ya 3S. Haina mbio kama mwenzake, lakini 1G imo pia kwenye Mark II na Crown, hivyo spea zake zimejaa. Na ningeichukua ya mwaka 2001 kuendelea, yenye springi zake za kiwandani, kabla ya kuigusa 86 ya 2012 isiyo na karatasi ya matengenezo, hata ikiuzwa bei sawa.