Nyumba za mnada: tuulize nini kabla ya nyundo kugongwa?

Matangazo yake hayana kificho. Hubandikwa ukutani mwa nyumba yenyewe, huchapishwa magazetini, na mara nyingine gari lenye kipaza sauti hupita mtaani likitaja kiwanja, jina la mwenye nyumba na siku ya mnada. Sheria ya Madalali ya Tanzania inataka mnada wa ardhi utanguliwe na tangazo la siku zisizopungua 14. Wenye fedha huziona siku hizo kuwa za kujiandaa. Mwenye nyumba huziona kuwa za kukimbia huku na huko akitafuta wa kumwokoa.

Baadhi ya wasomaji wetu, hasa vijana waliodunduliza kwa miaka ili wapate nyumba ya kwanza ya kupangisha, wanatuuliza mambo mawili kwa pamoja: je, nyumba hizi zina faida kama inavyosemwa, na je, Muislamu anaruhusiwa kuzinunua? Maswali hayo hayatenganiki, kwa sababu mengi yanayoharibu faida ndiyo hayo hayo yanayoitia doa dhamiri.

Tuanze na bei. Watu huvutwa na mnada kwa kuamini kuwa benki inataka fedha zake tu na itauza kwa bei ya kutupa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haiko hivyo. Benki hutakiwa kwanza kumpa mdaiwa taarifa na siku 60 za kulipa. Zikipita, huwa na wajibu wa kutafuta bei bora inayoweza kupatikana, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya nyumba za aina hiyo, sheria huchukulia kuwa wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Mwenye nyumba anaweza kuiomba mahakama itengue mauzo. Kwa hiyo yule anayejisifu barazani kwamba kaipata nyumba kwa nusu ya bei, huenda kanunua kesi. Mthamini aliyesajiliwa, anayelipwa na mnunuzi na si na dalali, ni gharama ya lazima.

Jambo la pili ndilo tunalotaka familia zilisome kwa utulivu zaidi. Rehani ya nyumba ya familia haiwi halali ila mke au mume anayeishi humo awe ameridhia, na ridhaa yake ionekane kwa saini. Sheria hiyo inamtaja mwenza au wenza, maana watunzi wake walijua kuwa nchi hii ina ndoa za mitala. Mume mwenye wake wawili katika nyumba moja akimpeleka mmoja benki kutia saini na kumficha wa pili, rehani ina ufa tangu siku ya kwanza. Yapo pia ya mirathi: baba amefariki, warithi hawajagawana, kaka mkubwa anachukua hati na kukopea biashara yake, na dada zake wanazijua habari hizo kwa mara ya kwanza kutoka kwa gari la kipaza sauti. Sheria humkinga mnunuzi wa nia njema, lakini kinga hiyo si ya mtu aliyejua hila au kushiriki ndani yake, na hata aliye safi anaweza kuzungushwa mahakamani kwa miaka.

Ndiyo maana tunasisitiza: kabla ya siku ya mnada, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina lililoandikwa, rehani zilizosajiliwa na mapingamizi yaliyowekwa. Uliza kama kuna zuio la mahakama au shauri lililofunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kisha nenda mtaani kwenyewe. Ofisi ya serikali ya mtaa na majirani wanayajua yasiyoandikwa kwenye hati yoyote: nani anaishi humo, nani analia, na nani ameapa kuwa hatoki.

Ama kuhusu sheria ya dini, mnada wenyewe hauna ubaya. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) aliuza mali ya Muadh bin Jabal (r.a.) ili waliomdai walipwe, na wanazuoni wengi wamejenga juu ya hapo kuwa kadhi anaweza kuuza mali ya mdaiwa aliyeshindwa kulipa. Walikotofautiana ni kwenye nyumba ya kuishi. Imamu Abu Hanifa na Imamu Ahmad waliona kuwa nyumba ambayo mdaiwa hana budi nayo haiuzwi. Imamu Malik na Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, waliona huuzwa, na mdaiwa hukodishiwa mahali pa kuishi. Hata waliokubali kuiuza, basi, hawakumwacha mtu barabarani. Tofauti na zama zao ni kwamba deni la leo mara nyingi limevimba kwa riba, ilhali aya ya 280 ya Suratul Baqara inaelekeza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Mnunuzi hakuiweka riba hiyo, lakini ni vyema amweleze sheikh wake habari yote, si nusu yake.

Lililokatazwa bila shaka ni najashi: kupandisha bei bila nia ya kununua, ili mwingine anaswe. Mgeni wa minada ajihadhari na sauti zinazopanda kila anapotaja bei. Njia ya kujilinda ni kuandika kiwango cha mwisho nyumbani, na kunyamaza kikifikiwa.

Sasa fedha. Matangazo mengi hudai asilimia 25 papo hapo na zilizobaki ndani ya siku 14. Tuchukulie nyundo imegongwa kwenye shilingi milioni 60. Hapo hapo zitatoka milioni 15, na wiki mbili baadaye milioni 45. Asiyezikamilisha huweza kuipoteza amana yake. Zipo benki zisizo na riba, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, lakini siku 14 ni chache mno kwa ombi la benki yoyote. Asiye na fedha taslimu heri aungane na nduguze kwa ushirika ulioandikwa. Ongeza wakili, kodi ya pango la ardhi isiyolipwa, deni la maji na matengenezo. Tuseme vyote ni milioni 13. (Kodi ya majengo haisumbui sana, kwani tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU.) Nyumba sasa imefika milioni 73. Ikipangishwa kwa 400,000 kwa mwezi, huingiza milioni 4.8 kwa mwaka, na mtaji utarudi baada ya miaka 15 na ushee, iwapo haitakaa tupu hata mwezi mmoja.

Waliomo ndani nao wana hesabu yao. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mwenye nyumba wa zamani atakuonyesha risiti. Mama mwenye watoto shuleni ataomba afike mwisho wa muhula. Tumeona kuwa makubaliano ya maandishi ya miezi miwili au mitatu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hugharimu kidogo kuliko amri ya kuwatoa kwa nguvu, na humwacha mmiliki mpya akiwa na majirani wanaomwitikia salamu.

Kuhusu zaka, kwa kauli ya wanazuoni wengi nyumba ya kupangisha haitolewi zaka kwa thamani yake, bali kodi yake ikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka. Iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa ya biashara: kila mwaka hupigiwa hesabu kwa bei ya soko na kutolewa asilimia 2.5, hata kama mnunuzi wake bado hajapatikana.