Mzimamoto Asiachiwe Mzigo wa Kuthibitisha

Mzimamoto akiangukiwa na paa, hakuna anayebisha kwamba aliumia kazini. Tarehe ipo, mashahidi wapo. Lakini akigundulika na saratani ya kibofu cha mkojo miaka 20 baada ya kuajiriwa, kanuni ya kawaida ya fidia humtaka athibitishe kuwa kazi ndiyo iliyomdhuru. Atataja moto upi kati ya mamia? Moshi hauachi stakabadhi. Naamini mzigo huo amebebeshwa asiyestahili, na sheria inapaswa kumtua.

Sayansi imekwisha kutamka. Juni 2022, wataalamu walioitwa Lyon na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku na asbesto. Ushahidi ulitosha kwa saratani ya kibofu na kwa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu ambayo huweza kujificha miongo kadhaa. Magodoro, plastiki na rangi vikiungua hutoa benzini na formaldehaidi. Masizi hunata shingoni na mikononi, na ngozi yenye joto na jasho huipitisha sumu kwa urahisi zaidi. Barakoa hulinda pumzi, haiilindi ngozi, tena wengi huivua wakati wa kufukua mabaki, hewa ikiwa bado chafu. New York ilipoteza wazimamoto 343 katika mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11, 2001. Kufikia 2024, waliouawa baadaye na maradhi yatokanayo na vumbi na moshi wa siku ile walikuwa wamepita idadi hiyo.

Wapo wanaouliza: je, kama mgonjwa alikuwa mvutaji sigara? Swali ni la haki, na jimbo la Manitoba, Kanada, limelijibu. Tangu 2002 sheria yake huchukulia kuwa saratani fulani za mzimamoto zimetokana na kazi, ilimradi ametimiza miaka ya utumishi iliyowekwa kwa kila ugonjwa. Mwajiri mwenye ushahidi wa chanzo kingine anaruhusiwa kuuleta, na kwa saratani ya mapafu historia ya uvutaji huangaliwa. Kwa hiyo uchunguzi haufutwi. Kinachobadilika ni nani anayepaswa kuthibitisha, na ni sawa awe mwenye kumbukumbu za kazi na mawakili, si mgonjwa aliye kitandani.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, hasa kwa serikali zenye bajeti finyu. Hata hivyo, gharama ya ugonjwa haitoweki dai linapokataliwa. Huhamia kwa mjane, kwa watoto na kwa michango ya jamaa. Na wazimamoto ni wachache mno kulinganisha na umma wanaoulinda.

Kenya haianzi patupu. Sheria yake ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 inatambua magonjwa ya kazini, na kwa ulemavu kamili wa kudumu hukokotoa fidia kwa mishahara ya miezi 96. Bunge na liandike ndani yake saratani za wazimamoto na miaka ya utumishi inayohitajika. Nazo kaunti, zinazoendesha vikosi hivyo, zianze leo kuweka daftari la kila moto, kilichoungua na majina ya waliouzima.