Kigeuzi cha Tarakimu na Sikio la Binadamu

Muziki uletwao nyumbani kwa intaneti husafiri kama tarakimu, ilhali spika huhitaji umeme upandao na kushuka kama mawimbi ya sauti. Kazi ya kuzigeuza tarakimu kuwa umeme huo hufanywa na kigeuzi. Je, kigeuzi cha bei kubwa hutoa sauti bora zaidi?

Katika sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde. Kwa kuwa kila wimbi sharti lipimwe zaidi ya mara mbili katika mzunguko mmoja, kiasi hicho chatosha hadi hezi 20,000, ambazo ni kikomo cha sikio la kijana. Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536, zitoazo upana wa desibeli 96 hivi. Biti 24 hutoa desibeli 144 kwa hesabu tu; mvumo utokanao na joto ndani ya saketi huzuia kigeuzi cha nyumbani kuzifikia.

Kwa hiyo mnunuzi na atazame vipimo vya mvumo na upotofu wa sauti kabla ya bei. Kigeuzi kikiisha kuupita uwezo wa sikio, fedha iliyosalia yafaa kutumiwa kwa spika, ambazo huipotosha sauti zaidi.