Majira ya Samoni katika Mto Tay

Mtu aulizaye ni mwezi gani ulio bora kwa kuvua samoni katika mito ya Uskoti aghalabu hujibiwa kwa tarehe, na tarehe hizo si uongo: katika Mto Tay, upitishao maji mengi kuliko mto mwingine wowote wa kisiwa cha Britania, sharia hufungua uvuvi wa ufito tarehe 15 Januari na kuufunga tarehe 15 Oktoba, ilhali katika Mto Tweed, ulio kusini zaidi, ruhusa huanza 1 Februari hata mwisho wa Novemba. Lakini sharia hutaja tu siku ambazo mvuvi hashitakiwi. Samaki naye ana hesabu yake, na yeyote aliyekulia pwani, akawaona wazee wakihesabu bamvua na kungoja kusi ipungue kabla ya kushusha ngalawa, hatastaajabu kuambiwa hivyo.

Samoni huzaliwa katika changarawe za vijito vya juu, akateremka baharini angali mdogo, akanenepa mbali huko pande za Greenland na visiwa vya Faroe, kisha akarejea katika mto ule ule uliomzaa. Hawarejei wote kwa mkupuo mmoja. Wa kwanza, ambao wamekaa baharini miaka miwili au zaidi, huanza kuingia katikati ya baridi na kuendelea hata Mei, magamba yao yaking'aa na miili imejaa shahamu, kwa maana wana saumu ndefu mbele yao: samoni akishaingia maji matamu huacha kula hata atage, mnamo Novemba na Desemba. (Kwa nini basi huuma ndoana iliyovishwa manyoya ni mas'ala ambayo wavuvi wamebishana kwayo miaka mingi, wala mimi sina fatwa ya kutoa.) Tangu Juni huja wale wadogo waliokaa baharini mwaka mmoja tu, wenye uzito wa kilo mbili au tatu, na Septemba huingia kundi la mwisho. Kwa hiyo katika siku za mwisho wa msimu mtoni humo humo huwamo samaki aliyetoka baharini juzi pamoja na aliyeingia tangu baridi, naye huyu wa pili amekwisha geuka rangi ya shaba, na akiwa dume taya lake la chini limejikunja juu kwa ncha, na nyama yake haina ladha tena.

Siku ya ufunguzi, kijijini Kenmore, watu huandamana hata mtoni kwa zumari, na mashua humiminiwa wiski. Ni siku njema ya kutazama. Ya kuvua, nadhani, siyo. Maji yakiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi samoni huwa mzito, hapandi maporomoko, na mvuvi hana budi kuzamisha chambo chake karibu na sakafu ya mto na kukivuta polepole mbele ya samaki asiyetaka kusogea. Fauka ya hayo, tangu 2015 kila samoni anayevuliwa Uskoti kabla ya 1 Aprili ni lazima arudishwe majini.

Julai huwa na tabu iliyo kinyume. Mvua ikikosekana mto hupungua, maji yakapata joto, na yakizidi nyuzi 20 samaki hukosa hewa ya kutosha, hata mvuvi mwungwana hukunja mshipi wake. Ikinyesha milimani, mto hupanda na kuchafuka, na hapo pia hakuna uvuvi; saa yenyewe ni pale maji yanapoanza kushuka na kutakata, kwani ndipo samaki wanaposafiri. Ndiyo maana wazee watunzao mito hutazama jiwe fulani ukingoni kabla ya kusema lolote: likiwa na ukanda wa unyevu juu ya maji, mto unashuka, basi watu watayarishe ndoana.

Nikilazimishwa kuchagua, nitasema nusu ya pili ya Septemba hata Oktoba mwanzoni, baada ya mvua. Ilikuwa tarehe 7 Oktoba 1922, giza likikaribia, Georgina Ballantine, akiwa mashuani pamoja na babake huko Glendelvine, aliponasa samoni wa ratili 64, yaani kilo 29. Walishindana naye zaidi ya saa mbili, na samaki huyo, ambaye hata leo hajapata mshindani kwa ufito katika Britania, alipelekwa hospitali ya Perth akaliwe. Lakini wiki hizo, katika sehemu mashuhuri za mto, aghalabu hukodiwa mapema mno na watu walewale wa kila mwaka, wala kodi yake si ya kila mfuko. Asiyeiweza na achukue kibali cha siku moja cha Juni au Julai, aulize kimo cha maji asubuhi kabla ya kutoka, na asipange Jumapili, kwa kuwa kuvua samoni siku hiyo ni marufuku Uskoti kote.