Neno Moja Mwishoni mwa Hukumu

Mtu akirudi Kidahwe kutoka mahakamani Kigoma, swali la kwanza nyumbani ni hili: "Umeshinda au umeshindwa?" Lakini rufani ina miisho zaidi ya miwili, na asiyeijua aweza kuliacha shamba lake la michikichi ilhali njia ingali wazi.

Rufani ikikubaliwa, uamuzi wa chini hutenguliwa, wote au sehemu yake. Pengine huamriwa shauri lisikilizwe upya. Ikitupiliwa mbali, kwa kawaida maana yake majaji wamezipima hoja wakaona hazina nguvu, na uamuzi wa chini wabaki. Lakini ikiondolewa kwa kasoro, kama vile kukosa hati ya lazima, hoja zenyewe hazijapimwa. Mrufani aweza kurekebisha na kurudi, mradi awe ndani ya muda wa sheria, au aombe kuongezewa.

Tofauti hii si mpya. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliieleza katika shauri la chama cha ushirika cha Songea, Ngoni-Matengo Co-operative Marketing Union, na Alimahomed Osman. Majaji walisema kwamba kutupilia mbali ni kwa rufani halali iliyokwisha amuliwa; yenye kasoro huondolewa tu, kwani hapakuwa na rufani ya kuamua. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaanza mwaka 1979. Hata hivyo majaji wetu wangali wakilitaja shauri lile.

Hukumu huandikwa kwa utaratibu. Juu huwa jina la mahakama na mahali ilipokaa, majina ya majaji, ambao katika Mahakama ya Rufani kwa kawaida ni watatu, namba ya rufani na mwaka, kisha mrufani na mjibu rufani. Hufuata habari za shauri, hoja na sababu. Amri yenyewe huwa mwishoni, pamoja na neno juu ya gharama, na tarehe. Basi anza na ukurasa wa mwisho.

Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na ya Rufani hutolewa bure katika mtandao wa TanzLII. Ukiwa na namba na mwaka, kijana mwenye simu atakutafutia. Nyingi ni za Kiingereza, ingawa sheria ya mwaka 2021 ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Usione haya kuomba kuelezwa.

Wala usikawie. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, rufani ina siku 30 tu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi jirani akirudi kutoka mahakamani, tusimwulize kama ameshinda. Tumwulize: "Amri yasemaje, na ni ya tarehe gani?" Kisha nakala iwekwe sandukuni, pasipofikiwa na mchwa.