Kwa Nini Turbo Huchemka Zaidi Mbarara Kuliko Mombasa

Mwenye Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution anayehama pwani na kuja kuishi Mbarara huamini kwamba joto ameliacha nyuma. Mchana wa kawaida kipimajoto hapa husoma nyuzi 27, wakati Mombasa hufika 32 pamoja na unyevu wake. Kwa hiyo anapokwenda gereji kutaka gari liongezwe nguvu, habari ya kupoza huiweka mwisho, na pesa zake huishia kwenye turbo kubwa, eksozi pana na programu mpya ya kontroli boksi. Hoja yangu ni kinyume cha hapo. Kwa injini yenye turbo, nyanda za juu za Ankole, uliko mji huu, ni mahali pa joto kuliko pwani, na anayetaka gari lake liwe na nguvu saa nane mchana aanze kwa kuondoa joto, ndipo atafute nguvu. Chanzo cha joto hilo ni mwinuko.

Mbarara iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni takriban bar 0.85, ilhali pwani ni bar 1.01. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Mombasa yenye nyuzi 32 ina uzito wa karibu kilo 1.16, ya Mbarara yenye nyuzi 27, pamoja na ubaridi wake, haifiki kilo moja. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo, na dereva wake huliona hilo kila anapopanda kilima. Injini yenye turbo haipotezi kirahisi namna hiyo, kwa sababu turbo huikusanya hewa hiyo nyepesi na kuigandamiza hadi iwe nzito tena. Ndiyo kazi iliyoipatia turbo jina tangu mwanzo. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,300. Injini iliyotoa nguvu farasi 350 usawa wa bahari ilishuka hadi 230 kileleni, na ilipofungwa turbo ikarudi kwenye 350 na ushei.

Msomaji anaweza kuuliza: kama turbo hufidia mwinuko, tatizo liko wapi? Liko kwenye gharama ya fidia hiyo. Hewa inayogandamizwa hupata joto, na kadiri inavyogandamizwa kwa uwiano mkubwa ndivyo joto linavyopanda. Chukua injini inayotaka bar 2 kamili za hewa kwenye silinda, na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, kiwango cha kawaida kwa turbo nzima. Mombasa turbo hiyo huigandamiza hewa mara 2 hivi: inaingia na nyuzi 32, inatoka na karibu 127. Mbarara, kwa kuwa inaanza na bar 0.85 tu, lazima iigandamize mara 2.36: hewa inaingia na nyuzi 27, inatoka na karibu 146. Mji ulio baridi kwa nyuzi 5 umezaa hewa yenye joto zaidi kwa nyuzi 19. Gari la zamani ambalo busti yake, yaani mgandamizo unaoongezwa na turbo, hupimwa kutoka kwenye hewa ya nje, na geji yake ikaachwa kwenye bar 1, halifiki bar 2 kamili; hata hivyo hewa yake hutoka na takriban nyuzi 133, bado juu ya ile ya Mombasa, na nguvu inakuwa imeshapungua. Ukipanda kuelekea Kabale, karibu mita 2,000, hesabu inazidi kuwa mbaya.

Joto hilo hudhuru kwa njia mbili. Kwanza, hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo sehemu ya kile ambacho turbo imekikusanya kwa jasho hupotea kabla ya kufika kwenye silinda. Pili, na hili ndilo linaloua injini, mchanganyiko wa hewa ya moto na petroli huweza kujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hapo injini hugonga. Sensa ikisikia kugonga huko, kontroli boksi huchelewesha cheche, na dereva huona gari limekuwa zito bila kujua sababu. Sensa isiposikia, au fundi akiwa amenyamazisha ulinzi huo ili namba za nguvu zipendeze, pistoni hupasuka kwenye kingo za ringi na injini hunoki. Magari haya ya Kijapani yalitengenezwa kwa kutegemea petroli ya oktani ya juu, ambayo huko kwao huuzwa ikiwa karibu na 100. Mwenye gari wa Mbarara hachagui kinachotoka kwenye pampu. Anachoweza kuchagua ni joto la hewa inayokutana na petroli hiyo.

Kwa hiyo mabadiliko ya kwanza yaanzie mahali hewa inapoingilia. Filta ya koni iliyoachwa wazi chini ya boneti ni pambo linalopendwa sana kwa sababu ya sauti yake, lakini huvuta hewa iliyokwisha kupashwa na rejeta na eksozi. Hewa ikiingia kwenye turbo na nyuzi 57 badala ya 27, kwa uwiano uleule wa Mbarara itatoka na karibu nyuzi 188. Nyuzi 30 za uzembe zimegeuka 42, kwa maana turbo huzidisha joto inalokabidhiwa. Boksi la filta lililofungwa vizuri, lenye mdomo unaovuta hewa ya nje mbele ya gari, halina sauti ya kujivunia, ila linafanya kazi ambayo hakuna programu inayoweza kuifanya. Pamoja nalo, bomba la eksozi lililo karibu na turbo lifungwe kitambaa cha kuzuia joto au likingwe kwa bati lake la kiwandani, ambalo mafundi wengi hulivua na kusahau kulirudisha.

Baada ya hapo ni intakula, yaani kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini. Intakula nzima inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezwa na turbo huishusha hewa ya nyuzi 146 hadi karibu 63. Iliyoziba, inayoondoa nusu tu, huiacha kwenye 87. Tofauti hiyo ya nyuzi 24 ni takriban asilimia 7 ya hewa kwa uzito, na kwenye gari la nguvu farasi 280 ni karibu farasi 20, zilizopatikana bila kuongeza busti hata kidogo. Kwenye Impreza intakula hukaa juu ya injini na kupumua kupitia tundu la boneti. Mwendo ukiwa wa kasi hupoa vizuri. Gari likisimama kwenye foleni hunyonya joto la injini kutoka chini. Wengi hukimbilia kuihamishia mbele kama ilivyo kwenye Lancer Evolution. Huo ni uamuzi wenye faida na hasara: mabomba yanakuwa marefu, turbo inachelewa kuitikia, na intakula mpya inaikinga rejeta isipate upepo. Kabla ya kufika huko, fungua boneti na utazame mpira unaoziba nafasi kati ya tundu na intakula. Ukiwa umekatika au haupo, upepo hupita pembeni bila kugusa mapezi, na tiba yake ni kipande cha mpira.

Vumbi linahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi. Barabara ya kutoka Mbarara kwenda Base Camp, katikati ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyoanzishwa mwaka 1958, hupita kwenye udongo mwekundu ambao kiangazi huwa unga. Unga huo hujipachika kwenye mapezi ya intakula na ya rejeta, ukichanganyika na mvuke wa oili unakuwa utando usiotoka kwa kupuliza. Rejeta inaweza kuonekana safi kwa mbele huku nafasi kati yake na kondensa ya eya kondisheni imejaa majani na tope kavu. Inatakiwa itolewe na kuoshwa kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maana maji ya mgandamizo mkubwa hulaza mapezi. Tena kumbuka kwamba upepo wa Mbarara ni mwepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko wa Mombasa, kwa hiyo feni na rejeta zilezile huondoa joto pungufu.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa kwa sababu ya bei yake ndogo. Kwenye mwinuko wa Mbarara maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kifuniko kizima kinachoshika bar 1.1 husogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 119. Kifuniko ambacho spring yake imechoka au mpira wake umepasuka hukirudisha chini, na feni za magari mengi huanza kuzunguka kwenye nyuzi zilezile za 95 au jirani yake. Maana yake ni kwamba maji yanaweza kuanza kuchemka kabla feni haijashtuka. Mwenye gari huambiwa gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi ikavuliwa ikapigwa msasa, na kumbe ugonjwa ulianzia kwenye kifuniko.

Pingamizi la kwanza nalisikia kutoka kwenye gereji zenyewe: thamostati itolewe, maji yazunguke bila kizuizi. Desturi hii imeenea Afrika Mashariki yote na ina watetezi wenye uzoefu. Lakini injini ikishapata moto, thamostati nzima huwa imefunguka yote, kwa hiyo kuitoa hakuongezi upana wa maana. Tena katika injini nyingi, thamostati inapofunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto huendelea kupita mkato huo siku nzima. Na asubuhi, injini isiyofikia joto lake humwaga petroli nyingi na kuchosha ringi. Gari linalopoa tu baada ya kutolewa thamostati mara nyingi lilikuwa na thamostati mbovu, na dawa yake ni mpya.

Pingamizi la pili ni la madereva wa mbio: mshindi hapatikani kwa kupoza, hupatikana kwa nguvu. Mbarara ni moja ya miji inayopokea raundi za mashindano ya taifa ya magari, kwa hiyo swali hili si la nadharia. Ila kanuni za mbio zenyewe zinajibu. Kwa miaka mingi magari ya mbio ya daraja la Kundi N yalilazimishwa kuvuta hewa yote kupitia tundu la milimita 32 mbele ya turbo. Mahali ambapo hewa imebanwa kwa sheria, faida iliyobaki ni kuifanya iwe baridi na kuitumia bila injini kugonga. Impreza STI na Lancer Evolution zilitoka kiwandani na vinyunyizio vya maji juu ya intakula kwa sababu hiyohiyo. Na wanaosema turbo haikuumbwa kwa nchi zetu wakumbuke kwamba Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari Rally ya Kenya mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986, kwenye nyanda za juu na kwenye vumbi.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: kupuliza maji na methanoli ndani ya bomba la hewa hushusha joto kwa bei nafuu kuliko intakula kubwa. Ni kweli, na kwa gari la mashindano ni njia nzuri. Hatari yake ni kulitegemea tangi. Gari lililotiuniwa kwa kuamini kwamba maji yatakuwapo daima hugonga mara tangi linapokauka au pampu inapokatika, na safari ya kwenda Base Camp haina kituo cha kujaza methanoli. Mfumo huo ufungwe kama akiba juu ya gari ambalo tayari linajimudu bila huo.

Haya yote hayawahusu wenye magari ya kifahari peke yao. Fuso inayobeba mahindi kutoka Nakivale na Hilux ya dizeli inayopanda kwenda mjini zina turbo na intakula zinazotii hesabu ileile. Dizeli haigongi kwa namna ya petroli, lakini hewa ya moto huizidishia moshi, huichoma turbo na kuinywesha mafuta.

Nashauri basi kila anayelipia gari kutiuniwa Mbarara adai kitu kimoja kabla ya kutoa pesa: joto la hewa baada ya intakula, lililopimwa mchana, gari likipanda kilima na mzigo wake, kabla ya kazi na baada ya kazi. Karatasi ya nguvu farasi iliyochapwa saa kumi na mbili asubuhi haithibitishi lolote. Kama nyuzi hizo hazikushuka, nguvu iliyoongezwa ni mkopo, na injini ndiyo dhamana.